Katikati ya Msikiti na Kigango

Mzee Shamte wa Likwaya hakuwa mtu wa kuchelewesha jambo. Ungempelekea shauri lako asubuhi akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, na kahawa ingali inatoa moshi ungeondoka na jibu. Kama jibu lenyewe lilifaa au halikufaa, hayo yalikuwa mambo ya baadaye, na mambo ya baadaye Shamte hakuyashughulikia.

Likwaya ni kitongoji cha vilimani, juu kabisa ukipita Njinjo. Watu wake wanalima mihogo, ufuta na korosho. Waislamu wako mteremko wa mashariki kwenye msikiti, Wakatoliki wako mteremko wa magharibi kwenye kigango, hilo kanisa lao dogo la mabati, na ndoa zimewachanganya kiasi kwamba siku ya Idi huwezi kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Katikati ya miteremko hiyo miwili kuna korongo, na chini ya korongo kuna dimbwi. Hilo dimbwi ndilo lililokuwa likinywesha kitongoji kizima, wakiwemo nguruwe pori.

Basi ukaja mradi wa kisima cha pampu. Kikaombwa kitongoji kiunde kamati ya watu watatu, na ikasisitizwa kamati iwakilishe watu wote. Neno hilo la watu wote Shamte alilichukua kwa uzito wake. Alijiweka mwenyewe mwenyekiti. Akamweka Khamisi, muadhini, kwa ajili ya Waislamu. Akamweka Severini, katekista, kwa ajili ya Wakatoliki. Akahesabu kama kuna dini nyingine Likwaya, akaona hakuna. Watu wote ndio hao, wamekwisha.

Mtaalamu wa maji, dada mmoja anaitwa Agnes aliyetoka Kilwa Masoko na vipimo vyake, alisoma yale majina matatu akauliza, "Na wanawake, mzee?"

"Wamo," akasema Shamte. "Severini ana mke mmoja, Khamisi ana wawili, mimi nina mmoja. Jumla wanne. Wanatuzidi."

Agnes aliandika kitu kwenye daftari lake, na alichoandika Shamte hakukiona. Halafu akawaonyesha vigingi viwili alivyovipaka rangi nyekundu. Kimoja alikichomeka korongoni, kingine juu kwenye tambarare, kando ya njia ya kwenda shule. Maji yapo kote kuwili, akasema, ila gari la kuchimbia litapanda mara moja tu, Alhamisi ijayo, kabla mvua hazijaharibu barabara. Shimo ni moja. Wachague, wampigie simu Jumanne.

Haya. Watu wengine wangekaa wakagombana. Kamati ya Likwaya haikugombana, kwa kuwa ilikuwa na kamba. Khamisi alishika ncha moja kizingitini mwa msikiti, Severini akashika mlango wa kigango, na Shamte akapita katikati akihesabu. Walipima mara tatu, maana mara ya kwanza Severini alivuta. Ikaonekana kigingi cha juu kiko karibu zaidi na kigango, kwa hatua mia mbili nzima, jambo ambalo Khamisi alisema hawezi kwenda kulieleza msikitini. Lakini kigingi cha korongoni, subhanallah, kilikaa katikati barabara! Kilizidi upande wa kigango kwa hatua nne tu, na hizo hatua nne Khamisi akazisamehe kwa ajili ya Mungu.

Shamte aliviringisha kamba akijisikia mtu wa haki kuliko wote aliopata kuwajua.

Jumamosi akaitisha mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule. Wanaume wakakaa mbele kwenye matofali. Wanawake wakakaa nyuma kwenye majani, khanga vichwani, wengi wamegeuza nyuso pembeni. Shamte akaeleza habari ya kamba. Akauliza, "Mwenye neno?" Wanaume wakasema sawa. "Na akina mama, mwenye neno?" Kimya. Akauliza mara ya pili, kimya. Mara ya tatu alikohoa mtu mmoja, lakini ilikuwa ni kikohozi tu. Basi mwenyekiti akafungua daftari la muhtasari akaandika: akina mama wote wameafiki kwa kauli moja. Kauli moja, jamani, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa!

Jioni Adija, mkewe, alimtengea ugali wa muhogo na kisamvu. Alisubiri anawe mikono. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mkichimba korongoni, mimi naenda Mingoyo kwa Shamimu."

Shamimu ni binti yao, ameolewa Mingoyo, na nyumbani kwake kuna bomba.

"Kumsalimia?" Shamte akauliza.

"Kukaa."

Adija akavuta khanga kidogo akamwonyesha goti lake la kushoto, lililovimba likang'aa. "Goti hili limeshuka korongo lile miaka thelathini na moja tangu unioe, na kabla hujanioa lilikuwa linashuka vilevile. Halishuki tena, baba Shamimu. Mimi nimeshamaliza."

"Sasa si ulikuwepo mkutanoni? Mbona hukusema? Mbona hakuna aliyesema?"

Adija akamtazama kwa huruma. "Pale mbele kwenye matofali mlikaa akina nani?"

Shamte akawataja. Khamisi, Severini, yeye, na wengine.

"Wote mmeoa hapahapa. Na nyuma walikaa akina nani?"

Shamte akafungua kinywa kuwataja, akakifunga. Nyuma walikaa mama wakwe zao. Huko vilimani mwanamume akioa aghalabu huhamia nyumbani kwao mke, kwa hiyo kila mwanamume wa Likwaya ana mama mkwe umbali wa kutupa jiwe, na mama mkwe hapazi sauti mbele ya mkwewe. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Mila hiyo haina Uislamu wala Ukristo, wote wanaishika. Na wale binti zao, mama zao wakinyamaza, wao watasema nini? Mwenyekiti alikuwa amewakusanya wakwe wote wa kitongoji mahali pamoja, akawaomba wazungumze.

Shamte aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Alimpenda mkewe, ingawa hilo nalo alikuwa ameliamua mara moja, zamani, na hakuona haja ya kulirudia.

"Nikienda kwenye kamati nikasema tubadilishe kwa sababu ya goti la mke wangu," akasema, "watasema natawaliwa na jiko."

"Basi goti langu liache. Kamuulize mama."

Hapo Shamte alitamani angekuwa ameambiwa jambo jingine lolote. Mama mwenyewe ni Bi Somoe, mama yake Adija, mwanamke wa miaka themanini hivi. Katika miaka thelathini na moja Shamte hakuwahi kusema naye neno. Njia ya kupita kwao ilikuwa moja, hivyo vichaka vya kando ya njia hiyo Shamte alivijua kimoja kimoja.

Jumapili asubuhi wakaenda. Bi Somoe alikaa kwenye mkeka ndani ya ua wake wa mianzi. Shamte akakaa nje kwenye kinu kilichopinduliwa, mgongo kwenye ua. Kati yao palikuwa na mianzi na hewa kidogo. Adija akasimama kwenye upenyo wa ua, mahali pa kuwaona wote wawili.

"Mwambie mama shikamoo," akasema Shamte.

"Mama, mkweo anakuamkia, shikamoo."

"Nimesikia. Mwambie marahaba."

"Anasema marahaba."

"Nimesikia," akasema Shamte. "Muulize, korongoni pana ubaya gani?"

Adija akauliza. "Mwambie kwanza aseme nani aliyesema pana uzuri."

"Mwambie kamati."

"Mwambie, humo kwenye kamati anayeteka maji ni nani?"

Shamte akafikiri. Alimfikiria Khamisi, akamfikiria Severini, na kwa haki akajifikiria na yeye mwenyewe. "Mwambie hakuna."

"Haya," akasema Bi Somoe. "Mimi nimeteka maji mle tangu sijavunja ungo. Kushuka unashuka na ndoo tupu, unashuka unaimba. Kupanda una ndoo imejaa kichwani na mtoto mgongoni, na hapo huimbi. Mwambie wao walipima kwa kamba. Kamba haina shingo."

"Lakini kule njia ya shule ni mbali zaidi!" akasema Shamte, mwenyewe, moja kwa moja.

Adija akamkazia macho.

"Mwambie," Shamte akajirekebisha, "mwambie ni mbali zaidi."

"Mwambie ni mbali, ndiyo, lakini ukiwa na mzigo unateremka. Na Frank aliyekatwa mguu anafika pale juu na magongo yake. Korongoni nako atafika, ila atafika mara moja tu. Na mwaka ule wa mvua kubwa korongo lilijaa mpaka juu ya mianzi, mumeo alikuwa ameenda kuuza korosho, hakuliona. Pampu yao wataenda kuitafuta baharini Kilwa."

Shamte alikuwa na kalamu na daftari, lakini hakuandika. Aliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Miaka thelathini na moja, akawaza, na maji ya kuoga nayakuta kwenye ndoo kila asubuhi, na sijajiuliza yamepandaje.

"Mwambie mama amenifumbua macho. Nitakwenda kuwaambia ni juu, basi, yameisha."

"Aa-aa!" Bi Somoe akagonga mkeka kwa kiganja. "Mwambie asirudie yaleyale! Sasa ataamua kwa sababu kibibi mmoja kasema? Mimi naweza kuwa nimekosea. Nyumba yangu mimi iko huku, wapo walioko kule bondeni, karibu na korongo. Awaulize na wao."

"Mwambie nitawaulizaje, nao hawasemi mbele yetu?"

"Mwambie kilichokatazwa ni kuonana. Kusikiana nani amekataza? Sisi hapa tunafanya nini?"

Kumshawishi Severini na Khamisi ilikuwa kazi nyingine. Khamisi akasema kamba imepimwa mara tatu. Severini akasema muhtasari umeandikwa na umesema akina mama wameafiki.

"Muhtasari niliuandika mimi," akasema Shamte, "na niliandika uongo." Neno hilo lilimgharimu. Kwa kuwa alikuwa ameshaanza akaona amalize: "Na mke wangu ananihama."

Severini akatazama chini. Khamisi akawafikiria wake zake wawili, akavaa kofia, akasema twendeni.

Jumatatu mchana wanawake wote wakaingizwa kwenye darasa, madirisha yakafungwa. Wanaume wakakaa nje kwenye matofali yao, wameutazama ukuta. Ulikuwa mkutano wa ajabu, na angepita mtu asiye wa Likwaya angefikiri wanaume hawa wameadhibiwa. Shamte akauliza swali lake kwenye ukuta. Akaliuliza tena. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Baba katekista yupo?"

Severini akasimama wima akavua kofia. Alikuwa ameitambua. Ilikuwa sauti ya Antonia, mama mkwe wake, aliyoisikia kwa mbali miaka kumi na minne na haikuwahi kumsemesha.

"Yupo," akasema kwa sauti nyembamba.

"Nasikia ulipima kwenda. Kurudi amepima nani?"

Ndani wakacheka, kwanza mmoja, kisha darasa zima, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Walisema! Walisema habari ya ndoo, ya utelezi, ya mjamzito aliyeanguka mwaka juzi, ya nguruwe pori wanaowangoja dimbwini alfajiri. Khamisi akasimama kukumbusha kwamba kigingi cha juu kinaegemea kigango kwa hatua mia mbili. Sauti kutoka ndani ikamuuliza, "Muadhini, maji yako ya udhu anakuletea nani?" Khamisi akakaa.

Jambo lililomshangaza Shamte kuliko yote ni kwamba wanawake wenyewe hawakupatana. Yeye alikuwa amedhani wana neno moja, na kazi ni kulijua tu. Kumbe wa bondeni walitaka korongoni, na walikuwa na sababu zao, kwao kule juu ni safari. Mwingine alitaka pampu iwekwe karibu na mashine ya kusaga. Wakagombana, wakarushiana maneno makali, mmoja akatoka akarudi. Wanaume nao wakachangia, na mawili matatu waliyoyasema yalikuwa na maana. Frank akaulizwa akiwa nje na magongo yake, akasema hajawahi kuulizwa jambo, apewe muda afikiri, akapewa. Jua likapinduka. Mwisho wakakubaliana: kisima juu, na wanaume wafyeke njia mpya kutoka bondeni, ya kuzunguka kilima, ipandike pole pole, na kazi hiyo ianze kesho yake, isiwe ahadi tu. Ilichukua saa nne na robo. Shamte hakuwahi kuchoka vile katika uongozi wake wote, na muhtasari alioandika siku hiyo ulijaza kurasa saba na ulikuwa wa kweli.

Jumanne alimpigia Agnes simu. Alhamisi gari likapanda likinguruma, likachimba siku mbili. Ijumaa alasiri yalitoka maji ya tope, yakaja ya rangi ya chai, yakaja meupe. Watu walipiga vigelegele. Antonia alinawa uso pale pale, na Severini akaingia porini kwa heshima.

Shamte alirudi nyumbani amelowa mpaka magotini, moyo mweupe. Alimkuta Adija chumbani anakunja khanga na kuzipanga kwenye begi.

"Kisima kiko juu," akasema.

"Nimekiona. Maji matamu."

"Sasa hilo begi?"

"La kwenda Mingoyo."

"Adija, si ulisema tukichimba korongoni..."

"Nilisema mkichimba korongoni naenda. Mkichimba juu nabaki, hilo sikulisema. Hilo ulilijaza mwenyewe."

Shamte akafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari kabisa, limekaa kwenye ulimi: huendi. Lingetoka lenyewe, kama yalivyotoka mengine miaka yote. Akalimeza. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda na nguo zake za tope, na Adija hakumfukuza.

"Unataka nini, Adija?"

Adija akaacha kukunja. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza. Sijui. Wallahi sijui."

Adija akaketi upande wa pili wa begi. Akaipapasa khanga iliyokuwa mapajani, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Nakwenda kwa mwanangu peke yangu," akasema, "narudi peke yangu. Kila nikiteremka kwenye basi pale Mingoyo, Shamimu ananikumbatia huku anatazama nyuma yangu, aone kama kuna mtu mwingine anashuka. Kila mara. Mimi nimechoka kumwambia baba yako ana mkutano. Nataka twende wote."

Hilo Shamte hakuwa amelifikiria kabisa. Siku zote hizo kichwani mwake palikuwa na mambo mawili tu, Adija abaki au Adija aende, na kati ya hayo mawili alikuwa amekonda kwa hofu. Akataka kusema korosho zinaanguka, kamati ina kazi, njia ya bondeni haijakwisha. Yote yalikuwa kweli.

"Wajukuu wako wawili sasa?" akauliza.

"Watatu. Wa mwisho anatimiza mwaka wa pili mwezi huu." Adija akajifuta uso kwa khanga. "Anaitwa Shamte. Nilikuambia. Ulikuwa unaandika muhtasari."

Shamte akauficha uso wake kwa mikono miwili, akalia, mwenyekiti mzima, mabega yakamtikisika. Adija akamwacha alie. Alipomaliza akasimama, akaenda kutafuta viatu vyake vya safari. Akatazama uvunguni, akatazama nyuma ya mlango, akapekua juu ya gunia la ufuta. Ilikuwa nyumba yake na hakujua vinakaa wapi, ikabidi aulize.